Kuosha Uyoga wa Bi Mkubwa

Kila nyumba ina chakula kimoja ambacho wenyewe hukisifia mpaka jirani anachoka kusikia. Kwa Bi Mkubwa kilikuwa uyoga. Nyama ilipikwa, wali ulipikwa, vyote vikaliwa, lakini hakuna aliyevisimulia. Uyoga ulikaa pembeni ya sahani, kijiko kimoja au viwili tu, umekaangwa kwa kitunguu kingi na kumaliziwa kwa ufuta uliosagwa, na huo ndio uliowafungisha safari watoto wake wote kila sikukuu, watu wazima na ndevu zao.

Kazi yake ilikuwa na sehemu tatu: kuchuma, kuosha, kupika. Bi Mkubwa alichuma, Bi Mkubwa akapika. Kuosha kulikuwa kwa mdogo wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Mdogo, na Mama Mdogo alikuwa amefariki mwaka huohuo. Nafasi yake ilikuwa wazi, na macho ya ukoo yakamwangukia mke wa mtoto wa kwanza.

Huyu walimwita Fundi, kwa kuwa alikuwa mshonaji, na kwa kuwa katika familia ile jina lako la kuzaliwa uliliacha mlangoni pamoja na viatu. Tangu aolewe, kila sikukuu ilimkuta akimenya viazi. Kumenya viazi si kazi ya mke wa nyumba, ni kazi ya mgeni aliyekosa cha kufanya. Basi Bi Mkubwa alipotangaza mbele ya watu, "Mwaka huu Fundi ndiye ataosha uyoga," Fundi alijiona kama kakabidhiwa ufunguo. Alifurahi kweli, wala hakuficha.

Mama Mdogo alikuwa amemwandaa, kwa namna yake. Siku zake za mwisho kitandani alimshika mkono akamwambia, "Uyoga wa dada uoshe wewe. Usimwachie mtu. Na uoshe vizuri, mwanangu, uoshe vizuri." Fundi, akitaka kumchekesha mgonjwa, akajibu kwamba ataosha hata kwa sabuni. Mama Mdogo hakucheka. Alikuwa na neno jingine mdomoni, lakini Bi Mkubwa aliingia na bakuli la uji, na lile neno akalimeza.

Asubuhi ya sikukuu Bi Mkubwa alirudi kutoka msituni, kule nyuma ya kiwanda cha mbao, kikapu kimejaa pomoni na pindo la gauni limelowa umande. Njiani alikuwa amemwamkia mzee mmoja aliyesimama kwenye kona, akamuulizia hali ya nyumbani, kisha akakasirika kwa kutojibiwa. Mzee mwenyewe alikuwa gunia la mkaa. Jirani aliyeshuhudia alikuja kuhadithia huku akifuta machozi ya kicheko, nyumba nzima ikaangua kicheko, na Bi Mkubwa naye akacheka, ila chake kiliisha mapema.

"Jua lilinipiga machoni," alisema.

Jua lilikuwa bado halijatoka.

Fundi alikaa kwenye bomba nyuma ya jiko, beseni mbele yake na chujio pembeni, akaanza kuosha. Mshonaji hawezi kupitisha mkono juu ya kitu bila kukikagua. Uyoga mwingi ulikuwa wa kahawia juu na chini, shina lake tupu. Kisha akashika mmoja ambao chini ya kofia ulikuwa mweupe pe, shinani umevaa kitu kama sketi fupi, na mguuni, penye udongo, una kijifuko cheupe kilichochanika. Akauweka kando. Akakuta mwingine wa namna ileile, na mwingine. Moyo wake haukutulia, akauchukua mmoja na kuingia nao jikoni.

"Mama, mbona huu umevaa soksi?"

Bi Mkubwa aliusogeza karibu na pua, akausogeza mbali, akaurudisha karibu. "Ni mvua hiyo. Uyoga ukikua kwa pupa huchana ngozi yake. Wewe osha tu, mwanangu. Kuchuma niachie mimi, nimeanza kuchuma mama yako hajaota meno."

Wifi yake Fundi alikuwepo, msusi wa nywele, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Redio. Alijishika mbavu. "Soksi! Jamani, huyu akiona mti atauliza gome lake kashonewa wapi!"

Wote wakacheka, na Fundi akacheka nao, maana ukichekwa na wakwe, dawa ni kucheka pia. Mumewe, aliyekuwa akipita na viti, alimwinamia sikioni. "Tafadhali, usianze mambo leo."

Hakuanza mambo. Alirudi bombani, akakata miguu yote yenye udongo kama inavyofanywa siku zote, na zile soksi zikaenda na miguu. Akasugua na kusuuza. Alipomaliza, uyoga wote ulifanana.

Jikoni Bi Mkubwa aliukatakata kwa kisu chake kilicholika, akautia katika sufuria, akadumbukiza kitunguu kizima kilichomenywa. "Ukiwa mbaya, kitunguu huwa cheusi," alieleza. "Haya, tazama. Cheupe kama jino." Kitunguu, maskini, hakijawahi kujua lolote, lakini watu wengi wamekikabidhi maisha yao. Harufu ilipanda, ikafika sebuleni, na watu wazima wakaanza kuulizana kama watoto ni lini utaletwa.

Redio ndiye aliyekuja kuchukua sahani. Wakati huo bakuli lilikuwa limekwisha kupelekwa mezani, na Fundi alikuwa akipangusa meza ya jikoni.

"Lakini wifi, una mkono mwepesi wewe!" alisema. "Mama Mdogo alikuwa anaosha asubuhi nzima. Tulikuwa tunamtania kwamba anaosha mpaka kikapu kinabaki nusu."

"Nusu nyingine ilikuwa inakwenda wapi?"

"Shimoni. Alisema imeoza." Redio aliinua rundo la sahani kifuani, akatoka akiimba.

Fundi aliitazama ndoo yake ya taka. Mlikuwa na majani, udongo na vikonyo. Hamkuwa na uyoga mzima hata mmoja. Alikuwa ameelewa. Mama Mdogo hakuwa anaosha, alikuwa anachagua. Miaka yote ambayo macho ya dada yake yalikuwa yakififia, alikaa pale bombani peke yake, akatupa kimyakimya kila uyoga wenye soksi, na akakiita kitendo hicho kuosha ili dada yake asiaibike mbele ya wanawe. Aliificha siri vizuri mno, hata mrithi wake hakuipata.

Hapo akakumbuka pia kisa ambacho Mama Mdogo hakuacha kukisimulia kila mwaka, nao wakakiona porojo za wazee: jirani zao wa utotoni waliokula uyoga mchana, jioni wakacheza na kuimba, wakalala vizuri, na alfajiri ndipo matumbo yalipowaanza. Hawakupona. "Sumu ile haina haraka," alikuwa akimalizia.

Fundi alikimbia sebuleni. Bi Mkubwa alikuwa amempakata mjukuu wake, binti mdogo wa Fundi, na kijiko cha kwanza kilikuwa kikielekea kwenye mdomo uliokwisha kufunguliwa.

"Usimpe!" Alimnyakua mtoto hata kijiko kikaruka. "Msile! Mtu yeyote asile!"

Mumewe akasimama. "Una nini wewe?"

Sasa, angeweza kusema sabuni imemwagikia sufuriani. Angeweza kusema ameona mjusi kaangukia humo, na wangemlaani siku moja na kumsamehe siku ya pili. Mama Mdogo angesema hivyo. Lakini hofu haina adabu, huchukua lililo karibu, na lililokuwa karibu ni ukweli.

"Mama haoni vizuri," alisema. "Mama Mdogo ndiye aliyekuwa anachagua uyoga. Mimi sikuchagua. Mimi nimeosha tu."

Bi Mkubwa aliuliza polepole, "Mimi sioni?"

Watoto wake walimtazama, na kila mmoja alionekana kukumbuka kitu chake, gunia la mkaa na mengine kama hilo. Yeye alizihisi zile sura hata kama hakuziona. Akalivuta bakuli, akashika kijiko cha kupakulia, akaanza kula.

"Mama, usile, nakuomba!" Fundi alilirukia bakuli, lakini mumewe akamdaka mikono yote miwili.

"Mwache mama yangu," alisema.

Bi Mkubwa alikula taratibu, kijiko baada ya kijiko, akitafuna kama mtu anayetetea kesi yake mbele ya hakimu. Alipotosheka alijifuta mdomo. "Haya. Nani mwingine anayeniona kipofu?"

Kila mtu alitazama sahani yake. Mume alipolegeza mikono, Fundi alilinyakua lile bakuli na ile sufuria ya jikoni, akamwaga vyote shimoni, akafukia kwa majivu. Nyuma yake alimsikia Redio akisema kwamba sikukuu imeharibika. Ilikuwa imeharibika kweli, na walikula nyama yao bila kuzungumza.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Bi Mkubwa alichangamka kuliko mwaka wowote. Alitania, alimsuka mjukuu, aliinuka mwenyewe kuchukua maji. Kila alipocheka, wanawe walimgeukia Fundi kwa macho makali, maana uzima wa mama yao ulikuwa ushahidi. Fundi alipiga simu hospitali. Nesi aliyepokea alimwambia amlete mama sasa hivi, asisubiri maumivu yaanze. Mumewe akaichukua simu mkononi mwake, akasema, "Mgonjwa hatuna, ahsante. Mwenyewe huyu hapa anacheka," akaikata.

"Hospitali kwa sababu ya shibe?" alisema Redio.

"Umemvunjia mama heshima ndani ya nyumba yake," alisema mumewe kwa sauti ya chini, ile ambayo hutumika wageni wakiwepo. "Kaa mbali naye."

Alikaa mbali. Aliosha vyombo, akaviosha tena. Alitamani awe amekosea, atukanwe ukoo mzima, apelekwe kwao na masanduku yake, almradi yule mama aamke kesho akidai chai. Hajawahi kuomba kitu kwa dhati kama alivyoomba kuwa mjinga.

Jioni ilipokaribia, mlango wa jikoni ulifunguliwa na kufungwa. Bi Mkubwa alikuja akipapasa ukingo wa meza mpaka kwenye kigoda, akaketi.

"Ulikuwa na soksi kweli?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mwingi?"

"Mwingi kiasi. Niliukata miguu. Nikauosha."

Bi Mkubwa alitikisa kichwa. "Mdogo wangu alidhani sijui. Mtu naleta kikapu kizima, napika nusu yake! Mimi mpishi, Fundi, sufuria yangu naijua hata usiku wa giza. Nilimwacha aoshe. Yeye alinificha, na mimi nikamficha kwamba najua. Nikadhani amekufundisha."

"Alitaka kunifundisha." Fundi alikuwa analia sasa, bila sauti. "Mama, sasa kwa nini umekula?"

"Wanangu walikuwa wananitazama."

Sebuleni mtu alikuwa akisimulia jambo, wengine wakimkatisha.

"Twende hospitali," alisema Fundi. "Mama, nimekuomba tangu mchana. Twende."

"Nitakwenda. Lakini hawa wasijue. Waambie ni wewe unayeumwa, mimi nakusindikiza."

Fundi alitaka kupiga kelele. Saa zilikuwa zimepita nyingi, zilizobaki hakujua ni ngapi, na mwanamke huyu bado alikuwa anatafuta nguo ya kuivisha aibu yake. Lakini mchana alikwisha kuivua mbele ya watu, na alikuwa ameona malipo yake. Alipangusa mikono, akafungua mlango, akasimama mbele ya wakwe zake.

"Tumbo linanisumbua," alisema. "Mama ananipeleka hospitali."

Redio alipiga makofi. "Mmeona? Hajaonja hata kijiko, na bado uyoga umemshika yeye!"

Kicheko kilipasuka, kile cha watu waliokuwa wakikitafuta tangu mchana. Hata mumewe alicheka. Bi Mkubwa alijifunga mtandio huku akicheka pamoja nao, akawaambia wamwekee mgonjwa chakula chake, wanarudi sasa hivi. Uani alimshika Fundi kiuno kama anayembeba, akampa pole kwa sauti ya kusikika dirishani. "Pole, mwanangu. Jikaze. Tunafika."

Walitoka langoni hivyo, wakapita kwa jirani, wakapita kibanda cha fundi viatu. Fundi alihisi mkono wa kiunoni ukianza kubana, kisha ukitetemeka. Uzito wote wa yule mama ukamhamia yeye. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, midomo imekakamaa, na bado alijilazimisha kwenda wima.

"Fundi," alisema, "kutoka dirishani bado wanatuona?"

Fundi aligeuka akatazama. Walikuwa wamekwisha kukata kona zamani, na nyumba haikuonekana kabisa.

"Hapana, mama. Hawatuoni."

Ndipo Bi Mkubwa alipoinama, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akaanza kulia.