Kirusi Kwenye Zamu za Maji

Eliwaza alipiga taipu miaka ishirini na miwili katika ofisi ya shamba la mkonge, huko tambarare. Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji, wafanyakazi mia moja na kumi walipunguzwa kwa barua zilizofanana neno kwa neno. Barua zote alizichapa yeye, na ya mwisho ilikuwa ya kwake.

Kaka zake walimshauri kiinua mgongo akinunulie ng'ombe. Akanunua kompyuta iliyokwisha tumika, akaiweka sebuleni kwake Same mjini, akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Majirani walicheka. Yeye aliendelea kuchapa barua za watu, risala za harusi na mihtasari ya vikao, na mwaka 2000 ulipoanza alikuwa na wateja hata kutoka Ndungu.

Mwezi wa pili wazee wa kwao Mbaga, juu mlimani, walimletea kazi. Ndiva yao, bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji, ilikuwa na familia arobaini na mbili, na kila familia ilikuwa na zamu yake ya kumwagilia. Zamu hizo zilikaa vichwani mwa wazee, na wazee walikuwa wanakwisha. Eliufoo, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, alitaka zichapwe, zigongwe mhuri, ubishi uishe.

Eliwaza alipanda mlimani, akaziandika zote kwa mkono kwenye daftari, familia baada ya familia. Akarudi Same, akazichapa. Kwa kuwa hakuwa na printa, alipeleka disketi kwa Prosper, kijana mwenye duka la steshenari karibu na stendi ya mabasi. Nakala ya kwanza aliisoma mstari kwa mstari, akaona majina mawili yamekosewa herufi. Akarudi nyumbani na disketi, akayasahihisha, akaenda kuchapisha tena. Basi la mlimani lilikuwa linapiga honi. Akampa Eliufoo, aliyekuwa anaondoka nalo, karatasi bila kuzisoma mara ya pili.

Wiki mbili baadaye Eliufoo alifika mlangoni kwake, hata kiti akakataa.

"Mama Tumainieli, umetufanyia nini?"

"Nimefanya nini, kaka Eliufoo?"

"Jumanne asubuhi ni ya Faustina tangu enzi za baba mkwe wake. Karatasi inasema ni ya Ernest. Ernest amefungua maji, Faustina akaenda kumzuia, wakashikana mle matopeni. Maharage ya yule mjane yanakauka. Na si zamu hiyo tu, ziko saba zimehama."

Eliwaza akachukua daftari lake. Jumanne asubuhi: Faustina. Akachukua karatasi yenye mhuri. Jumanne asubuhi: Ernest.

"Watu wanasema Ernest amekupoza kwa pesa," Eliufoo akasema, akikwepa macho yake. "Wengine wanasema ni umri tu. Njoo kwenye mkutano Jumamosi ijayo, uombe radhi, yaishe."

"Nitakuja," Eliwaza akajibu. "Kuomba radhi ni jambo jingine."

Eliufoo alipoondoka, Eliwaza alikaa mbele ya kompyuta. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alijiuliza kama kweli kichwa kimeanza kumchenga. Kisha akakumbuka ile nakala ya kwanza aliyoisoma kwa penseli mkononi. Akaitafuta kwenye kabati. Jumanne asubuhi: Faustina. Zamu zote zilikuwa mahali pake.

Basi akafungua faili, akanakili ukurasa wa kwanza kwa mkono kama ulivyoonekana kwenye kioo. Akalifunga. Akalifungua tena, akalinganisha. Neno "jioni" lilikuwa limeruka kutoka mstari wa tano hadi wa kumi na mmoja. Hakuwa amegusa kitufe hata kimoja. Akafunga, akafungua mara ya tatu. Jina la Asheri lilikuwa limehamia kwenye zamu ya jirani yake.

"Kumbe ni wewe!" akaiambia kompyuta kwa sauti.

Asubuhi yake alikwenda kwenye kibanda cha simu akampigia binti yake, Tumainieli, aliyekuwa akisomea kompyuta Arusha. Alimweleza kila kitu kwa haraka.

"Mama, hicho ni kirusi," Tumainieli akasema. "Kinajificha ndani ya nyaraka. Ukifungua waraka wenye nacho, kinaingia kwenye mashine, halafu kila waraka unaofungua unapata. Hiki chako kinahamisha maneno. Disketi yako imepita wapi?"

"Kwa Prosper tu."

"Usifungue faili jingine lolote. Nakutumia disketi ya dawa kwa kondakta wa basi. Pale kwenye kona ina kidude cha plastiki kinachoteleza. Nimekisogeza ili disketi isiandikike. Usikirudishe kamwe, la sivyo hata dawa yenyewe itaugua."

Disketi ilifika keshokutwa yake. Eliwaza akafuata maelekezo ya binti yake yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, hatua kwa hatua, akisoma kila ujumbe wa Kiingereza mara mbili kabla ya kubonyeza. Mashine ilinguruma karibu saa nzima. Ikataja nyaraka thelathini na moja zenye kirusi, ikazisafisha. Maneno yaliyohama hayakurudi. Hayo aliyarudisha yeye kutoka kwenye daftari, siku mbili mfululizo. Kisha akanunua disketi mpya, akahifadhi nakala ya kazi zake zote, akakisogeza kidude, akaifungia kabatini.

Angeweza kuishia hapo. Lakini nusu ya ofisi na makanisa ya mjini yalichapisha kwa Prosper. Akavaa viatu, akatoka.

Dukani kulikuwa na wateja wanne, mmoja wao Saada, muuguzi, akisubiri ripoti yake ya chanjo.

"Shikamoo, mama," Prosper akasalimia.

"Marahaba. Prosper, kompyuta yako ina kirusi. Kimeharibu kazi yangu na kimegombanisha watu kule mlimani."

Prosper akacheka, akawatazama wateja. "Mama, hii mashine imetoka Dubai. Kirusi umekuja nacho wewe. Wazee mkishazoea taipu, kompyuta inawasumbua, na hakuna anayewalaumu."

"Vizuri. Tupime mbele ya hawa."

Akatoa disketi mpya, bado ina nailoni yake. Akamwomba Saada aifungue mwenyewe. Akamwambia Prosper achape mistari mitatu yoyote, aihifadhi humo, kisha aichunguze kwa disketi ya dawa.

"Siwezi kuweka disketi ya mtu nisiyoijua kwenye mashine yangu," Prosper akasema.

"Hayo ndiyo maneno ya kumwambia kila anayeingia humu! Ungeyasema tangu mwanzo, mimi leo nisingekuwa hapa."

"Mama, naomba utoke. Unanifukuzia wateja."

Eliwaza akatoka kweli, hatua mbili, akaketi kwenye benchi la mlangoni. Kila aliyekuja na disketi alimsalimia na kumwambia kwa upole: "Mashine ya humu ndani ni mgonjwa. Isome kazi yako vizuri kabla hujaigongea mhuri." Wawili wakageuka. Mmoja akaingia akamuuliza Prosper kulikoni. Jua likapanda, kivuli kikamhama, yeye hakuhama.

Mwishowe aliyesema alikuwa Saada. Alikuwa ameisoma ripoti yake akiwa amesimama pale kaunta. "Prosper, mimi sikuandika hivi. Idadi ya watoto wa kijiji kimoja umeipeleka kingine. Robo iliyopita nilifokewa kwa jambo hilihili, nikadhani ni mimi. Pima hiyo mashine."

Prosper akamwomba Eliwaza disketi ya dawa, akapima. Kwenye kioo kikatokea kisanduku chekundu, halafu majina ya nyaraka, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyecheka. Kijana wa watu alikaa akashika kichwa.

"Nikifunga nisafishe zote, mama, siku yangu nzima imekwenda."

"Wewe umepoteza siku," Eliwaza akasema. "Mimi nimepoteza jina."

Prosper akageuza kibao cha mlangoni upande ulioandikwa TUMEFUNGA. Eliwaza akavuta kiti, akamsomea maelekezo ya Tumainieli hadi kazi ilipokwisha.

Jumamosi alipanda Mbaga na karatasi mpya alizochapishiwa na Prosper, daftari, na ile nakala ya kwanza yenye alama zake za penseli. Watu walikuwa wamejaa uwanja wa shule. Eliufoo akamwita mbele, akamnong'oneza: "Radhi tu, dada, maneno mawili."

Eliwaza akawageukia watu.

"Kosa langu ni moja. Sikuisoma karatasi mara ya pili, na kwa hilo Faustina anisamehe. Lakini sikuhongwa, na akili zangu ni timamu. Maneno yalihamishwa na kirusi, nami nimekiondoa. Hili hapa daftari, kila mmoja wenu alinitajia zamu yake kwa mdomo wake. Anayekana asimame."

Akasoma zote arobaini na mbili. Alipofika Jumanne asubuhi akainua macho kumtazama Ernest.

"Karatasi ya kwanza ina mhuri," Ernest akasema. "Mhuri ni mhuri!"

"Wewe mwenyewe uliniambia yako ni Alhamisi. Tulikuwa jikoni kwako, mkeo akinimiminia chai. Sema hukusema."

Mkewe akainamisha kichwa. Ernest akaondoka akisema wanawake na mashine zao watakimaliza kijiji. Hakuwahi kumsalimia Eliwaza tena. Lakini Jumanne iliyofuata Faustina alifungua maji, na hakuna aliyemzuia.

Eliwaza alibandika tangazo juu ya kompyuta yake: HAIINGII DISKETI ISIYOPIMWA. Mwezi wa sita diwani mmoja aliingia na hotuba yake kwenye disketi, akitaka mwanzo wake uandikwe upya, ana haraka, gari linamsubiri nje.

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa. Disketi yako ndiyo siijui."

Diwani alinuna, lakini akakaa. Mashine ikanguruma dakika sita. Eliwaza akasoma kilichoandikwa kwenye kioo, akasogeza kiti chake karibu na meza.

"Ni safi," akasema. "Haya, hotuba inaanzaje?"