Sekunde Moja ya Mwanangu

Mteja aliyesukwa nusu kichwa haendi popote. Ndiyo maana Jumamosi ile nilimsubiri mwalimu wa michezo afike katikati, upande mmoja rasta, upande mwingine kama kuku aliyenyeshewa, ndipo nikachomoa ripoti ya mwanangu chini ya mto wa kiti.

"Mwalimu, nisomee hapa. Macho yangu siku hizi siyaamini."

Akasoma. "Elimu ya viungo na michezo, thelathini na nane."

"Ya nani?"

"Ya binti yako, dada."

Kifungua mimba wangu huyo mtaa wote unamjua: mtume chumvi, atarudi hujafunika sufuria. Shule ya michezo ilishamtaka, ila barua yao inasema alama za somo hilo zisipungue hamsini. Na fomu inapelekwa Jumatatu.

"Bonge je, kapata ngapi?" akauliza Mama Pacha, fundi cherehani wa mlango wa pili, anayekuja kwangu kusukwa mara moja kwa mwezi na kusikiliza kila siku.

"Tisini," mwalimu akasema, sauti imeshuka.

"Bonge huyu rafiki yake? Anayepanda ngazi mbili akaomba maji?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu na sipati hesabu.

"Jamani, nisikilizeni," mwalimu akasema. "Zamani aliyewahi kufika ndiye aliyepata nyingi. Aliyezaliwa na miguu ya kukimbia alipata mia hata asipojisumbua, na mwenye mwili mzito alifeli hata akitokwa jasho mwaka mzima. Hiyo ni haki?"

"Si haki," tukaitikia, na mimi nikiwamo.

"Basi sasa tunapima maendeleo. Januari walikimbia mizunguko miwili ya uwanja, juzi wakarudia. Kila sekunde uliyopunguza, alama mbili, mwisho sitini. Bonge kapunguza karibu dakika nzima. Binti yako sekunde nne."

"Kwa sababu Januari alikuwa wa kwanza!"

"Ndiyo."

"Na juzi akawa wa kwanza!"

"Ndiyo, dada."

"Na kafeli."

Mwalimu akainamia ripoti. "Hizo nane, na ishirini za mahudhurio, na kumi kati ya ishirini za kusaidia wenzake. Kumi nimewapa wote. Nina watoto sitini na wawili, macho mawili."

Nikabaki na kitana hewani. Kila alichosema kilikuwa kweli, lakini ukivijumlisha vyote unapata kichekesho.

Mwanangu akaingia na rundo la taulo kutoka kwenye kamba. Nikamgeukia yeye. "Wewe! Mwaka mzima unaamka alfajiri, unaniambia unafanya mazoezi. Mazoezi gani ya sekunde nne?"

Akazikunja taulo, moja moja, taratibu.

"Mazoezi yapi!" Mama Pacha akadakia. "Dirisha langu linatazama barabara. Kila alfajiri yuko na Bonge. Anatangulia hatua kumi, anarudi, anamsukuma mgongo: 'Twende, mpaka nguzo ile!' Wakifika nguzo ile, anamwonyesha nyingine. Huyu mwanao hajakimbia mwaka huu, kafundisha."

"Umelijua hili mwaka mzima? Wewe, usiyeweza kulala na habari?"

"Bonge alinisihi. Anaona haya kuonekana akihema." Akajishika kifua. "Iliniuma hapa, wallahi."

Mwalimu alikuwa amekaa wima, nusu kichwa imesimama. "Kwa hiyo zile sekunde za Bonge…"

"Ni za Bonge," mwanangu akasema haraka. "Alikimbia mwenyewe. Tafadhali, Mwalimu, usimpunguzie."

Mwalimu akatoa fomu kwenye mkoba, akafuta kumi, akaandika ishirini. Sote tukahesabu kwa vidole. Arobaini na nane.

"Malizia hizo mbili," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi." Akaivuta saa yake ya kupimia. "Lakini fomu iko mikononi mwangu mpaka Jumatatu. Apunguze sekunde moja, leo, mbele yangu, nami nitaandika."

Tukafunga saluni mchana kweupe. Mwalimu kajifunga kitambaa, taulo yangu bado iko mabegani. Bonge tulimkuta mlangoni kwao. Aliposikia, hakuuliza swali, alivaa viatu.

Uwanjani, mwanangu alipoanza mzunguko wa pili, niliona mabega yanapanda, miguu inakuwa mizito. Mimi na Mama Pacha tulipiga kelele mpaka koo zikakauka, hakutusikia. Lakini Bonge alikuwa amekwenda kusimama peke yake kona ya mbali, kwenye nguzo ya goli.

"Twende! Mpaka nguzo hii!"

Mwanangu akainua kichwa.

Saa ikabonyezwa. Mwalimu akaitazama mara mbili. "Ilikuwa dakika mbili na sekunde thelathini na nne. Sasa ni mbili na thelathini na tatu."

Hamsini! Vigelegele vikapasuka, Mama Pacha akaupoteza mtandio. Asubuhi miguu ile ile ilikuwa imefeli, sasa imefaulu, na usiniulize ni kipi kilichobadilika.

Mwanangu alikuwa chali kwenye nyasi, Bonge anampepea kwa fomu ya watu.

"Mama, na huko shule ya michezo wanapima maendeleo?"

Nikamtazama mwalimu. "Nasikia nao wameanza," akasema.

"Basi siku ya kwanza nikimbie vipi? Nitoe nguvu zote, au nyingine nizifiche?"

Tangu anajifunza kutembea nimemwambia: mwanangu, usibakize nguvu mfukoni. Sasa neno hilo lilifika kwenye ulimi likagoma. Mwalimu alikuwa anaifuta saa yake, ambayo haikuwa na vumbi. Mama Pacha, mwenye majibu ya nyumba zote za mtaa, alikuwa anautafuta mtandio wake, na ulikuwa shingoni mwake.

"Mwalimu," nikasema, "turudi nikumalizie kichwa. Rasta zinalegea."