Mota ya Maternite

Kwa wiki saba, wanawake waliojifungua katika maternite moja ya Likasi walikuwa wakioga maji ya madumu. Pampu ya kisima ilifanya kazi vizuri asubuhi, lakini kufika saa sita mchana mota ililegea na maji yakashindwa kupanda hadi kwenye tangi. Mafundi wawili walishapita, wakasema mota imekufa. Mkunga mkuu, Mama Clémentine, akamwita Viviane, fundi umeme aliyejifunzia kazi kwenye kiwanda cha shaba.

Viviane aliipima mota ikiwa baridi, hakuona kosa. Alipokuwa anakusanya vifaa vyake, mlinzi wa pampu, Papa Chadrack, alimwomba atazame nyuma ya mlango wa kibanda cha pampu. Kila siku alikuwa ameandika pale kwa chaki saa ya kuwasha, saa ya kulegea, na muda mota iliopumzika kabla ya kupata nguvu tena.

“Muntu ya homa akilala, anapona,” alisema. “Hii nayo ni vile. Minye niliandika, lakini hakuna fundi aliniuliza.”

Viviane alisoma mlango wote. Mota iliyoungua haiponi kwa kupumzika. Tatizo lilikuwa joto. Variata, kisanduku kinachotawala mwendo wa mota, kilifungwa Juni, asubuhi ya baridi, na bado kilipiga hesabu kwa vipimo vya siku ile. Sasa ilikuwa Oktoba, na kibanda cha bati kilichemka. Nyaya za ndani ya mota zikipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi, hesabu inakosea, nguvu inapungua.

Alipachika kipimajoto kwenye nyaya, akakiunganisha na variata ili irekebishe hesabu kadiri joto linavyopanda. Kisha wakangoja. Saa sita ikapita. Saa nane mota haikugusika kwa moto, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule wa asubuhi.

Mama Clémentine alikuja mikono ikichuruzika maji, akamkumbatia Viviane.

“Aksanti umupe Papa Chadrack,” Viviane alimwambia. “Bila yeye, minye pia ningesema mota imekufa.”

Papa Chadrack alivua kofia.

Jumapili, padri aliposoma nia za shukrani za maternite, alianza na jina la Papa Chadrack. Mkewe, Suzanne, alimgeukia amtanie, akamkuta analia waziwazi, naye akamshika mkono hadi misa ilipokwisha.