Gari Lililoteleza Kiringye

Léocadie alikuwa fundi wa kushona katika mtaa wa Rugenge, mjane asiye na mtoto, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa pia mwanamke wa pembeni wa Octave, mkuu wa teritware, yaani wilaya, ya Uvira. Mji mzima ulijua. Wakati wa Wabelgiji Octave alikuwa karani wa pamba; uhuru ulipokuja na wazungu wakafunga masanduku yao, alikabidhiwa ofisi, bendera na jeep. Hakuwa mtu mbaya kupita wengine. Alipenda kusikilizwa, akapenda zaidi kuogopwa.

Jumamosi moja ya mvua walikwenda Kiringye kwa rafiki yake mwenye shamba la mpunga. Walikula mbuzi, Octave akanywa bia nyingi, na saa ya kurudi alimwacha dereva huko akashika usukani mwenyewe. Njia ya bonde ilikuwa tope tupu. Walipofika penye mashamba ya pamba jeep iliteleza, ikazunguka, ikatumbukia mtaroni. Octave aligonga paji la uso kwenye kioo, Léocadie akaumia bega. Léocadie alivua kitambaa chake cha kichwa akamfunga nacho jeraha.

Octave alikaa kwenye majani akitazama gurudumu lililobaki juu.

"Weye pita mu mashamba," alisema hatimaye. "Utapata lori mbele. Muntu asikuone."

Léocadie alidhani anamwogopa mke wake. Akavua viatu, akaenda.

Jumatatu mji ulikuwa na habari nyingine. Mkuu wa teritware ameviziwa njiani, amepigwa mawe na watu wenye mapanga, ameponea chupuchupu. Polisi walikuwa wameshamkamata Marcellin, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyeongoza upinzani barazani. Uchaguzi wa baraza, ambao Octave alikuwa anajua atashindwa, uliahirishwa kwa ajili ya usalama.

Siku chache baadaye Émérance, mke wa Marcellin, alileta koti la mumewe kwa Léocadie. Mkono mmoja ulikuwa umechanika kuanzia begani.

"Walimuvuta nalo," Émérance alisema. "Unitengenezee, dada. Mu gereza kuna baridi. Wanasema watamupeleka Bukavu, na kule wanaweza kumunyonga."

"Nani anasema?"

"Polisi. Wanacheka wakisema."

Léocadie alilichukua koti. Alishona mkono ule mara mbili, uzi juu ya uzi, na Émérance alipokwenda aliacha mashine, akakaa mlangoni mpaka chakula kikaungua.

Tume ya uchunguzi ilipotangazwa, Octave alikuja kwake mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuketi.

"Ile Jumamosi weye haukuwa na mimi," alisema.

"Nilikuwa."

"Léocadie. Minye nikianguka, na weye unaanguka."

"Mwalimu watamunyonga?"

"Hapana. Atakaa kidogo, watu watatulia, nitamufungua. Serikali njo inafanya vile. Weye hauwezi kuelewa."

Hakumtisha zaidi ya hapo. Alimpapasa bega, lile lile lililoumia kwenye ajali, kisha akatoka.

Tume ilikaa katika ukumbi wa teritware: mabwana watatu kutoka Bukavu, wenye tai. Shahidi baada ya shahidi alieleza jinsi alivyoona mapanga yaking'aa. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwingine mwenye la kusema, Léocadie alisimama kutoka viti vya nyuma.

"Siku ile ulikuwa wapi, mama?"

"Nilikuwa mu jeep."

Mwenyekiti aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Jeep ya nani?"

"Ya mukuu wa teritware. Tulitoka ku Kiringye. Alikuwa amekunywa. Gari iliteleza. Hakuna muntu alitupa jiwe, bwana. Ilikuwa matope."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Louise, mke wa Octave, aliyekuwa ameketi mbele na gauni la buluu, aliinuka akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote. Gauni lile alikuwa amelishona Léocadie mwenyewe. Hapo ndipo Léocadie alipoinamisha kichwa, si kabla.

Tume iliamua kwamba ushahidi wa mwanamke mwenye mwenendo kama huo haupokeleki. Marcellin alibaki gerezani, ila hakupelekwa Bukavu. Parokiani Léocadie aliombwa asiimbe tena kwaya, na wateja wake wengi wakahamia kwa fundi mwingine. Lakini tangu siku ile Octave aliitwa Bwana Matope, sokoni, pwani ya ziwa, hata na polisi waliompigia saluti. Alizidi kuwa mkali, akafunga watu wengine, na jina likazidi kushika.

Mwaka wa sitini na nne waasi walishuka kutoka milimani wakauchukua mji. Askari wa serikali walikimbia. Gereza lilifunguliwa, Marcellin akatoka amekonda, na baada ya muda mfupi akawa kamishna wa waasi. Octave walimkuta amejificha Kavimvira katika ghala la chumvi. Walimleta miguu peku hadi uwanja wa mpira, na Léocadie akaitwa mbele ya umati.

"Mama," Marcellin alisema, "ueleze watu mambo ya Kiringye."

Aliyaeleza kama alivyoyaeleza ukumbini, kwa maneno yale yale. Umati ulizomea. Kijana mwenye bunduki akapaza sauti: "Sema tena! Sema aliamuru watu wauawe!"

Léocadie alimtazama Octave. Mdomo wake ulikuwa umevimba, naye alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekataa chakula.

"Hiyo sikuona," Léocadie alisema.

"Unamutetea bwana yako!"

"Alidanganya. Alimufunga mwalimu bure. Hayo nilijua. Kuua sikuona, na sitasema."

Walioketi karibu na Marcellin walimwona akishika mkono wa koti lake, ule ulioshonwa mara mbili, akiuachia, akiushika tena. Kisha aliagiza Octave apelekwe mpakani, avuke kwenda Burundi, asirudi. Wenzake walinung'unika, na inasemekana hawakumwamini tena kama mwanzo.

Serikali iliporudi kabla ya mwaka kwisha, Marcellin alivukia Kigoma pamoja na Émérance. Louise alikwenda kwa wazazi wake Kamanyola. Léocadie alibaki Rugenge. Mkuu mpya alimwita ofisini akamuuliza alikuwa upande gani. Alijibu kwamba aliulizwa maswali, akajibu. Walimwachia jioni.

Baadaye mchuuzi wa samaki alimletea salamu kutoka Bujumbura: Octave amepata ukarani katika ghala la kahawa, ana chumba, anamwomba amfuate. Léocadie alimkaribisha mchuuzi chai, akamwuliza kama Octave anakula vizuri.

"Anakula."

"Umwambie nimefurahi," alisema. "Lakini sitakuja."