Kati ya Ti na Ta

Asinidanganye mtu kwamba Simeon alikuwa mbaya tangu zamani. Hakuwa. Angekuwa mbaya ningemjua mapema, nami si mtu wa kuogopa kumfungia mtu mlango. Kwa miaka tisa alipiga kinanda katika kwaya yetu ya Ngoingwa, akala kwangu, akamwita mama yangu Mama. Na mama akamwita mwana wakwa, mwanangu, mbele yangu mimi aliyenizaa.

Kwaya zetu hazisomi yale madoa yanayoning'inia kwenye mistari. Sisi ni watu wa solfa. Mwalimu anaandika do, re, mi ubaoni, sauti zote nne, watu wanaimba silabi mpaka ziwakae, ndipo wanapewa maneno. Nimefundisha hivyo nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kukutana na wimbo uliokataa kuandikika mpaka nilipotaka kuandika wa mama.

Ulikuwa wimbo wa kupepeta ndengu. Mama, Kaveke, aliuimba kule Gatuanyaga nikiwa mdogo, ungo mikononi, na aliyeujua wote zaidi yake ni dada yake tu, Auntie Kavata. Miaka miwili iliyopita kifua kilipoanza kumlemea, nilimwomba aniimbie niuandike. Simeon akaja na kinanda chake kidogo, akakiweka juu ya meza ya chai. Mama akaimba mstari wa kwanza. Simeon akaitafuta noti ya tatu, akabonyeza mi. Mama akatikisa kichwa. Akabonyeza mi iliyoshushwa, ile tunayoiita ma.

"Aiee," mama akasema. "Hiyo imelala. Na ile ya kwanza imesimama. Yangu imeketi."

Kinanda hakikuwa na kibonyezo cha noti iliyoketi. Simeon alibonyeza huku na huku mpaka mama akachoka kumwonea huruma. Mimi nikafikiria. Kwenye solfa, noti ikipandishwa silabi yake huchukua e, ikishushwa huchukua a. Fa ikipanda ni fe, mi ikishuka ni ma, ti ikishuka ni ta. Basi nikasema, iliyo katikati tuipe o. Kati ya ma na mi, iwe mo. Kati ya ta na ti, iwe to. Simeon alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Wayua, haki wewe ni genius."

Tuliimba mo sote watatu, tukirudia na kurudia, mpaka mama akasema sasa imeketi vizuri. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya aina ile tena.

Mwisho wa wimbo kuna noti moja ndefu. Mama alipoifikia, sauti yake iliteremka, ikapita ti, isifike ta. Nikaandika to. Kisha akakohoa sana, na Simeon ndiye aliyemshikia kikombe cha maji mpaka akatulia. Baadaye alipiga daftari langu picha kwa simu, ati akafanye mazoezi nyumbani. Tulikubaliana pale pale, mama akisikia, kwamba wimbo hautaimbwa popote mpaka kwaya yetu iuimbe kwanza. Wiki tatu baadaye tulimzika mama. Simeon alipiga kinanda siku hiyo, na machozi yalimtoka kuliko mimi.

Mazishi yalipopita nilimwimbia Auntie Kavata wimbo wote kutoka daftarini. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika mwisho akayafumbua.

"Hapo umekosea. Unarudi nyumbani hapo, unamalizia do. Nani anaacha kupepeta kabla ndengu haijaisha?"

Ndipo nikaelewa. Ile to haikuwa noti. Ilikuwa ni mama kuishiwa na pumzi, nami kwa bidii yangu ya kijinga nikaiandika kama sehemu ya wimbo. Niliifuta, nikaandika do, nikalia mpaka karatasi ikalowa. Wakati huo Simeon alikuwa amepata nyumba Membley, kule Ruiru, na kuanzisha kwaya huko. Sikumpigia simu kumweleza. Nimpigie ya nini? Kuuimba hakuwa na ruhusa.

Mwaka huu tukaamua kuupeleka kwenye shindano la kwaya, kwenye kipengele cha wimbo wa kujichagulia. Miezi mitatu nilifundisha mo. Becky wa alto alilalamika kwamba noti hiyo inamfanya ahisi amekalia kiti chenye mguu mmoja mfupi, lakini aliishika, na siku aliyoishika aliruka kama mtoto. Nilitaka jambo moja tu: mara ya kwanza watu wausikie wimbo wa mama, wausikie ulivyo.

Shindano lilifanyika Thika, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi uliojaa mpaka watu wamesimama ukutani. Auntie Kavata aliketi kando yangu na kitambaa chake kizuri cha kichwani. Mbele yetu kwenye orodha walikuwa watu wa Membley. Waliingia sitini kwa majoho ya hudhurungi, Simeon mbele yao. Nilimpungia mkono. Ndiyo, mimi, nilimpungia mkono.

"Wimbo unaitwa Pepeta," mtangazaji akasema. "Umetungwa na kupangwa na Mwalimu Simeon."

Umetungwa! Mkono wangu ulibaki juu. Wakaanza. Mo ya kwanza ilinipiga kifuani, maana waliiimba vizuri, imeketi kabisa, watu sitini. Alikuwa amewafundisha silabi zangu moja moja. Nilitaka kusimama nipige kelele, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kwa utamu, na huo utamu ulikuwa wangu pia. Roho iliniuma.

Kisha wakafika mwisho. Ile noti ndefu. Watu sitini wenye mapafu mazima wakaiachia iteremke, wakaipitisha ti, wasiifikishe ta.

Auntie Kavata alinishika mkono kwa nguvu. "Huyo ni Kaveke akiwa mgonjwa," akasema.

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Kwaya yangu ilikuwa imesimama mlangoni tayari kuingia, nyuso zote zimenigeukia.

"Mwalimu, tunaimba ama tunaenda?" Becky akauliza.

"Tunaimba."

Tuliimba. Sitajisifu, lakini hatujawahi kuimba vile. Tulifika mwisho tukarudi nyumbani, do, safi, na kutoka jukwaani nilimwona Auntie Kavata akiitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. Nikajiambia angalau yeye amesikia.

Jaji aliposoma maoni, alisema Membley wamewafunza wote kitu kipya. Alisema ile noti ya mwisho isiyofika ni ya ajabu, imemsisimua, hajawahi kusikia mtunzi mwenye ujasiri kama ule. Wakapewa nafasi ya kwanza, waende fainali Desemba. Kuhusu sisi alisema ni vizuri kuimba kazi ya mwenzako, ila tumeirahisisha, na mwishoni tumeshindwa na noti ngumu tukakimbilia do.

Tumekimbilia do! Nilikaa kwenye kiti changu nikahesabu vidole ili nisifanye kitu cha kuniaibisha.

Simeon alinikuta nje, karibu na mahali pa kuegesha magari, na macho makavu kama hakuna kilichotokea.

"Sasa, Wayua. Mliimba poa."

"Umeutunga lini, Simeon?"

"Aah, hiyo ni mtangazaji tu. Niliwaandikia arrangement, yeye akasema hivyo." Akaangalia viatu vyake. "Lakini si umeona vile wameupenda? Huu wimbo ungekaa kwa daftari mpaka lini? Hata nilikuwa nataka kukuambia, majaji wanataka niwaandikie maelezo ya zile silabi. Unisaidie hapo."

Nilimtazama. Nitasema ukweli: hata hapo nilikuwa namtafutia mlango wa kutokea. Nilijiambia, huyu ameiba, lakini ameiba kitu asichokijua. Alinakili kosa langu kwa kutojua, na nikimweleza ataona aibu, atarekebisha, na mama atapumzika.

"Ile to ya mwisho si noti," nikamwambia. "Niliandika vibaya. Mama alikuwa ameishiwa na pumzi."

Hakushtuka. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwamba hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Wayua, si nilikuwepo? Mimi ndiye nilishika kikombe. Vile uliandika to nilijua ni pumzi. Nikanyamaza tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa tamu." Alisema polepole, kama mtu anayeomba aeleweke. "Hakuna kwaya iko na kitu kama hiyo. Desemba tutaiimba vilevile. Usikasirike, tafadhali."

Sikumpiga. Watu wanaonijua hawaamini nikiwaambia, lakini sikumpiga, wala sikumtukana. Niliondoka nikamwacha amesimama. Kwa miaka miwili nilikuwa nikijilaumu kwa ile to, nikijiita mtoto asiyeweza kusikia mama yake anakufa. Na mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza alisikia, akaipenda, akaiweka.

Auntie Kavata alikuwa ananingoja langoni, kitambaa mkononi sasa, macho mekundu. Alimpenda Simeon kama mama alivyompenda. Krismasi humtumia maembe.

"Umemwuliza? Amesema nini?"

"Amesema alikosea kunakili," nikamwambia. "Amesema pole."

Auntie akashusha pumzi. "Nilijua tu. Yule kijana hawezi kumfanyia Kaveke hivyo."

Nikamshika mkono tukavuka barabara. Ningetoa chochote iwe kweli alikosea.