Hatua Kumi Kuzunguka Mti

"Usifunge chini hivyo, wifi! Pandisha mnyororo, ndipo kitang'oka!"

Mama Kisiki akaupandisha. Kila mti aliokata aliuachia kisiki cha urefu wa kiuno makusudi, mnyororo upate pa kushika. Hiki cha mwisho alikuwa amekichimba pande zote tangu alfajiri, akakata mizizi ya kando kwa shoka. Akasema kimoyomoyo, "Mungu tangulia," akainua mkono.

Trekta dogo la kikundi likanguruma kwa gia ya kwanza. Mizizi ikakatika chini kwa chini, kisiki kikalala chali.

"Kilikuwa kibishi kama kaka yangu, Mungu amrehemu," alisema wifi yake kutoka kwenye usukani.

"Kaka yako hata mnyororo usingemng'oa kitandani."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ukabaki mti mmoja, katikati ya shamba. Bwana misitu aliupiga rangi nyekundu: usiguswe, wala pasilimwe hatua kumi kuuzunguka. Nayo barua ya bwana ardhi ilisema shamba ambalo halijasafishwa lote ifikapo leo litahesabiwa pori, apewe mwingine. Mama Kisiki alikwenda mara tatu kuuliza amtii nani. Ardhi walimwambia aende misitu, misitu wakamrudisha ardhi, na ofisi zenyewe zinatumia ukuta mmoja.

Saa tatu bwana ardhi akafika, faili kwapani. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye mti.

"Mama, hili bado pori."

"Pori liko wapi, bwana? Miezi mitano nang'oa."

"Huu mti je? Na majani haya chini yake? Fomu ina sehemu mbili tu, shamba au pori. Weka sahihi hapa kwamba umekubali."

"Siweki. Subiri kidogo, mwenzako yuko njiani."

Asubuhi hiyo alikuwa amempigia bwana misitu, akamwambia kuna mtu anataka mti wake wenye alama uangushwe. Miezi mitatu aliyomwomba aje, hakuonekana. Leo alikuja mbio, pikipiki ikifuka moshi.

"Nani anataka kuangusha mti wangu?"

"Huyu hapa," alisema Mama Kisiki.

"Mimi?" bwana ardhi alishtuka. "Mimi nimesema tu shamba lisafishwe lote."

"Ukiugusa huo, ni kesi!"

"Usipoguswa, ni pori!"

"Sheria yangu iko wazi."

"Na yangu je?"

Waliendelea hivyo, vidole vikichezeana puani. Hakuna aliyemwuliza mwenye shamba neno. Mama Kisiki aliwatazama, kisha akautazama udongo aliouchimbua kwa mikono yake. Kesho trekta lilikuwa zamu ya mwanakikundi mwingine.

"Wifi," alisema taratibu, "funga jembe la kulimia."

"Na hawa wakubwa?"

"Wamo ndani ya hatua zao kumi. Hapo hatugusi. Sheria tunaifuata."

Wifi akaachia cheko, akafunga jembe. Alianza pembeni kabisa mwa shamba, akazunguka, kila mzunguko ukisogea ndani kidogo. Mama Kisiki alitangulia mbele ya trekta akiokota mizizi. Udongo mweusi uligeuka, ukanuka unyevu. Wale wawili walipoishiwa maneno, trekta lilikuwa limefika ukingoni mwa duara lao, na mti umebaki kisiwani nao chini yake.

"Zima hilo trekta!" alifoka bwana ardhi. "Nitaandika pori!"

"Andika," alisema Mama Kisiki. "Na mimi nitapanda."

Akaandika kwa hasira, akafunga faili, akashuka kwenye matuta. Hatua ya kwanza tu, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo. Akauvuta, kiatu kikabaki.

"Polepole, bwana," alisema Mama Kisiki, huku akiinama kuokota mzizi mwingine. "Pori hilo limelimwa."