Sanduku la Seti ya Kwanza

Baba alifariki Jumatano, na ndugu wakachanga pesa za sanduku la kumzikia. Tulimpa kaka yangu Gauthier azishike kwa kuwa ni mtoto wa kwanza. Sababu nyingine hatukuwa nayo.

Padri alitupangia maziko Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa alasiri fundi wa masanduku wa mtaa wa Hewa Bora alituma habari kwamba hajamwona mtu yeyote kutoka kwetu. Nikamkuta Gauthier nyuma ya nyumba, mbali na kilio, akitazama kwenye simu wanaume wawili wakipigiana mpira wa tenisi.

Alinieleza polepole, kama mwalimu anayemhurumia mjinga. Kwenye soko lile la simu watu hununua "Ndiyo" au "Hapana". Yeye alikuwa amenunua "Ndiyo": yule mrefu atashinda seti ya kwanza. Kila "Ndiyo" kwa senti themanini. Ikitimia, inakuwa dola nzima. Faida ingeongezea sanduku jeupe lenye kioo, maana wakwe zake wa Karavia wangekuja, na mbao za kawaida zingemwaibisha.

"Yaya, umecheza pari na makuta ya papa," nikamwambia kaka yangu. Kwangu ilikuwa kamari tu, kwa pesa za kumzikia baba.

"Pari ni ya bantu ba mu kona, Wivine. Hii iko marché. Bantu ba akili ndio banaifanya."

Mwenye akili hakuwa amefikiria mvua. Seti ikiwa tano kwa nne, mvua ikanyesha huko kwao, wachezaji wakabeba mifuko yao, mchezo ukasogezwa hadi kesho yake. Nilimwomba auze alichonacho, hata kwa hasara kidogo.

"Niuze na perte?" akasema. "Papa atakimbia wapi?"

Nilimpelekea mama maneno hayo kama yalivyo. Hakulia, wala hakumwita. Alimwita mzee Mwenze, aliyefanya kazi ya reli na baba miaka ishirini, akamwambia avunje kabati la nguo la chumbani kwa mama, atoe mbao. Mzee Mwenze akauliza kama ana hakika, kwa kuwa baba ndiye aliyelileta kwa treni kutoka Sakania. Mama akasema nguo zitakaa kwenye mifuko.

Jumamosi saa nne tulimzika. Ubavuni mwa sanduku palibaki tundu la ufunguo, ambalo mzee Mwenze aliliziba kwa nta ya mshumaa. Gauthier hakuwepo. Alikuwa Karavia kwa wakwe, ambako intaneti haikatiki, akiamini kwamba bila yeye maiti haitatoka.

Alikuja saa kumi, amesimama nyuma ya pikapu, mkono juu ya sanduku jeupe lenye kioo. Mchezaji wake alikuwa ameshinda seti. Alitutangazia hilo kabla hajashuka, kisha akawaambia wanaume washike upande wa mbele. Hakuna aliyeinuka. Kwetu sanduku tupu haliingii penye kilio baada ya maziko. Linakuja kuchukua mwingine. Hata yeye anajua.

"Papa iko wapi?"

Mama alimjibu kutoka kwenye mkeka, bila kupandisha sauti.

"Tulishamuzika. Ile iko yako, Gauthier. Enda nayo kwako."

Dereva hakuzima hata injini. Gauthier akakaa juu ya kifuniko, maana nafasi nyingine haikuwepo, na pikapu ikageuka kuelekea kwa wakwe zake. Mwanamke mmoja nyuma yangu alicheka, akaziba mdomo, akamwomba mama msamaha.

Mama akamwambia acheke tu.